Aliyefichwa Darini

Asubuhi ya Jumamosi ile, basi la watalii lilipotoka Birmingham, Nasambu alikuwa amevaa sweta mbili, ingawa kila mtu alimwambia kwamba ni majira ya joto.

"Mama, watu hapa leo wanavua mashati," Joyline alisema akicheka.

"Wavue tu. Baridi ya Eldoret tumezoeana. Hii ya huku bado hatujajuana."

Joyline alikuwa kifungua mimba wake, muuguzi katika hospitali moja mjini humo. Alikuwa amehangaikia viza ya mamake tangu Januari, na sasa kwa kuwa mama amefika, hakutaka akae ndani akitazama televisheni. Ndipo akawatafutia nafasi katika safari ya siku moja ya kutembezwa mashambani kuona majengo ya kale. Wengi ndani ya basi walikuwa wazee waliostaafu, wamebeba mikate yao na chai kwenye chupa. Kiongozi wao, Bi Hazel, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya mwalimu, na kila waliposhuka aliinua mwavuli mwekundu juu ya kichwa ili asipotee mtu.

Nasambu alikaa dirishani. Mashamba yalipita, ngano kwa ngano, ua wa miti umekatwa vizuri kama nywele za mtoto wa shule. Alimkumbuka marehemu mumewe, Mabonga, aliyekuwa karani kwenye ghala la nafaka kule Moi's Bridge. Mabonga angeomba basi lisimame ili ashuke akague masuke. Alitabasamu peke yake. Kusema kweli alikuwa amefurahi. Alikuwa mwanamke wa kushona sare za shule, na hakuwahi kudhani kwamba siku moja atatembezwa na Mzungu akionyeshwa nyumba za mababu zao.

Walianza na ngome iliyobomoka juu ya kilima, ambayo sasa kondoo walikuwa wakilala kwenye vivuli vya kuta zake. Kisha wakapelekwa kwenye jumba kubwa la mawe na mbao lililozungukwa na maji pande zote, unaingia kwa daraja. Ellerby, ndilo jina lake. Bi Hazel aliwapandisha ngazi nyembamba hadi chumba kidogo cha juu. Walipojaa wote, alipiga magoti karibu na meko, akaingiza vidole kati ya mbao za sakafu, na ubao mmoja ukainuka kama kifuniko cha sanduku. Chini yake palikuwa na shimo jeusi ambamo mtu mmoja angeweza kukaa amejikunja.

"Hapa," alisema, "ndipo walipofichwa mapadri."

Akaeleza polepole, na Nasambu akafuata kila neno. Zamani, enzi za Malkia Elizabeti wa kwanza, padri Mkatoliki akikamatwa nchini humo alinyongwa. Askari walizunguka wakipekua nyumba za watu walioshukiwa. Padri alikaa shimoni bila chakula, akisikia viatu vya askari juu ya kichwa chake.

Nasambu, aliyekuwa mwenyekiti wa akina mama Wakatoliki katika parokia yake, alijikuta amejifanyia ishara ya msalaba.

"Na wenye nyumba je?" mtu akauliza.

"Wao nao wangenyongwa," alisema Bi Hazel. "Mama aliyekaa hapa alikuwa na watoto wadogo. Hakuna ambaye angemlaumu kama angefunga mlango. Lakini alifungua."

Nasambu aliangalia chini, kwenye ncha za viatu vyake. Na hapo ndipo aliposikia sauti ya binti yake, kwa Kiingereza, wazi na yenye fahari.

"Mama yangu alifanya hivyo."

Watu wakageuka. Joyline alikuwa amemshika bega. Aliwaambia kwamba wanatoka Eldoret, nchini Kenya, na kwamba baada ya uchaguzi wa mwaka wa elfu mbili na saba watu walichomewa nyumba kwa sababu ya kabila lao. Jirani zao walikuwa Wakikuyu, na kwao kulikuwa na bibi mzee aliyepooza miguu, ambaye alikuwa akimsuka yeye nywele alipokuwa mtoto. Vijana walipokuja kuchoma, mama yake alimficha bibi huyo juu ya dari ya nyumba yao mpaka askari wakafika.

"Hata kwa interview yangu ya kazi nilisimulia hiyo," aliongeza. "Waliniuliza ni nani alinifundisha kuhudumia watu. Nikawaambia, mama yangu."

Kisha mtu akapiga makofi, na wengine wakafuata, chumba chote, makofi ya heshima yasiyo na kelele. Bi Hazel alikuwa na machozi. Mzee mmoja mwenye fimbo akamsogelea Nasambu na kumshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama," alisema kwa upole, "lakini kama alikuwa amepooza, ulimpandishaje darini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka tu kujua, kama mtu anavyotaka kujua zaidi kuhusu jambo zuri. Lakini kwa miaka kumi na mitano hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo. Nasambu alimwona Joyline akimtazama, naye akingoja jibu, tabasamu bado liko usoni.

"Alikuwa mwepesi," Nasambu alisema. "Mwepesi sana."

"Mungu akubariki," mzee akasema.

Nasambu alishuka zile ngazi kwa kushikilia ukuta.

Mambo yalikuwa hivi. Walikaa Kapsoya, mtaa wa Eldoret, nyumba mbili zilizopakana, zikitenganishwa na ua wa michongoma ambao watoto walikuwa wameutoboa njia. Upande wa pili walikaa Waweru, fundi wa baiskeli, na mkewe Wacera, pamoja na mama yake Waweru, ambaye mtaa mzima ulimwita Cucu, yaani bibi kwa Kikikuyu. Asubuhi za jua Cucu alitolewa nje akaketi kwenye kiti akichambua maharagwe, na Joyline alikuwa hapo miguuni pake kila siku. Wacera na Nasambu waliazimana kila kitu, chumvi, pasi, hata kofia ya kwenda harusini.

Krismasi ya mwaka ule Joyline, akiwa na miaka tisa, alipelekwa kwa nyanya yake Webuye. Mabonga alikuwa kazini Moi's Bridge. Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa, barabara zikafungwa kwa mawe na magogo, na Mabonga hakuweza kurudi. Nasambu alibaki na mtoto wake wa mwisho, Wangila, ambaye alikuwa bado ananyonya.

Siku iliyofuata, vijana walipita asubuhi wakipiga mageti kwa rungu. Nyumba itakayomficha adui, walisema, itachomwa na wenyewe wakiwa ndani. Mmoja wao Nasambu alimjua, alikuwa amemshonea sare. Kijana huyo hakumtazama machoni.

Alasiri moshi ukaanza kupanda upande wa mtaa wa Munyaka, halafu karibu zaidi. Nasambu alikuwa amefunga milango yote na kuketi sakafuni jikoni, Wangila kifuani. Ndipo akasikia mtu akigonga mlango wa nyuma, taratibu, kwa kidole.

"Mama Joyline. Ni mimi."

Alimjua Wacera kwa sauti ya kukohoa kwake tu, sembuse kuzungumza.

"Mama Joyline, najua vile mambo iko. Sikuombi utuchukue sisi. Sisi tuna miguu. Chukua Cucu tu. Hata kama ni chooni, muweke. Hawawezi kutafuta kwako."

Nasambu alifungua kinywa. Akamtazama mtoto. Akabana titi zaidi kwenye mdomo wake ili asilie, na kwa kule kujisogeza, kiwiko chake kikagonga sufuria ikaanguka. Ilizunguka sakafuni ikilia mpaka ikatulia yenyewe. Ni wazi walisikia huko nje.

"Tafadhali," Wacera alisema, safari hii chini kabisa, kama mtu anayeongea na tundu la ufunguo.

Kisha sauti ya Waweru: "Twende. Ana watoto."

Akasikia toroli likisukumwa kwenye njia ya kokoto, gurudumu likilia kwa kukosa grisi, na Cucu akiuliza swali kwa Kikikuyu ambalo hakuna aliyemjibu. Baada ya muda nyumba yao ikawaka. Vijana hawakupekua kwa Nasambu. Hawakukanyaga hata kwenye ngazi.

Waweru na watu wake walifika uwanja wa maonyesho, walikokusanyika maelfu. Huko, katika hema, mwezi wa Februari, Cucu akafa kwa baridi ya kifua. Nasambu aliambiwa na akina mama wa kanisa waliopeleka mablanketi. Yeye hakwenda. Alitoa blanketi mbili na kusema mtoto anaumwa.

Joyline aliporudi mwezi wa Machi akakuta kuta nyeusi upande wa pili wa ua, alilia mpaka akashikwa na kwikwi. "Na Cucu? Cucu hawezi kukimbia!" Nasambu alimshika, na katika kutafuta neno lolote la kumnyamazisha akasema: "Cucu tulimficha hapa kwetu. Kule juu ya dari. Halafu askari wakampeleka kwa watu wao." Mtoto akanyamaza palepale. Akamkumbatia mamake kwa nguvu ambayo Nasambu hajaisahau.

Alidhani limeishia hapo. Lakini Joyline alisimulia shuleni, mwalimu akamwambia padri, na padri akalitaja katika misa ya amani, bila jina, ila kila mtu aligeuka kumtazama Nasambu kwenye benchi lake. Angesimama? Angesema nini? Mabonga mwenyewe aliamini. Alimwambia siku ile, "Mke wangu, mimi nisingeweza." Alizikwa akiamini hivyo. Mwaka uliofuata wakamchagua mwenyekiti.

Wakati wa chakula cha mchana, watu wa basi walitawanyika kwenye nyasi kando ya maji. Joyline alifungua mkate, akampa mamake kipande. Nasambu alikishika tu.

"Mama, hujisikii vizuri? Ni zile ngazi?"

"Joy, si ngazi."

"Sorry kama nimekuaibisha. Najua hupendi kusifiwa. Lakini aki, ile story, vile yule mama alikuwa anaongea, sikuweza kunyamaza."

"Cucu hakuwa darini."

Joyline aliendelea kutafuna. "Ati?"

"Hakuwa darini. Hakuwa popote kwetu. Walimleta mlangoni na sikufungua."

Alimwambia yote, akiangalia maji, kwa Kiswahili cha chini ili wale wazee wasije wakadhani wanagombana. Alimwambia ya sufuria. Alimwambia ya toroli, na ya hema. Alipomaliza, binti yake alikuwa amekunja karatasi ya mkate mpaka ikawa kama jiwe.

"Alikufa lini?"

"Februari ile ile."

"Kwa hivyo nilipokuuliza, alikuwa ashakufa."

"Ndiyo."

"Nilikuwa namwombea, Mama. Kila usiku, mpaka nikamaliza fomu two. Nilikuwa naomba afike kwao salama."

Nasambu aliweka kipande chake cha mkate kwenye nyasi.

"Ungefungua, wangekuchoma," Joyline alisema baadaye, na sauti yake ilikuwa ya muuguzi, si ya mtoto. "Wewe na Wangila. Hiyo naelewa. Naapa naielewa. Lakini juzi tu, hapo juu, mzee wa watu amekuuliza, na ukasema alikuwa mwepesi."

Si juzi, ilikuwa dakika chache zilizopita, lakini Nasambu hakumsahihisha. Joyline aliinuka, akaenda kusimama peke yake karibu na daraja. Walipopelekwa kuona kanisa la kale la kijiji, Nasambu alikaa nje kwenye ukuta, kati ya makaburi ambayo majina yake yalikuwa yameliwa na mvua. Bi Hazel alikuja kumuuliza kama anataka maji. Alimtendea kama mtakatifu, na kila neno lake la upole lilikuwa kama chumvi kwenye kidonda. Wakati wa kurudi, Joyline alijifanya amelala.

Siku zilizobaki walizungumza mambo ya chakula na mizigo. Uwanja wa ndege Joyline alimkumbatia, lakini aliachia kwanza.

Huko Eldoret, kila mtu alitaka kusikia habari za Uingereza. Nasambu alisimulia kondoo na ngome. Kisha asubuhi moja akajifunga leso, akashuka mjini, akaenda upande wa soko ambao hakuwa amekanyaga tangu Wacera na Waweru walipohamia Munyaka na kurudia biashara. Siku zote alijua Wacera anauza viazi pale. Alikuwa akizunguka kote ili asimpite.

Wacera alikuwa amenenepa na kuvaa miwani. Alimwona akija tangu mbali, akaendelea kupanga viazi vyake kwenye debe.

"Mama Joyline."

"Wacera. Nimekuja kukuambia kitu."

"Najua ulikuwa ndani," Wacera alisema. "Nilisikia sufuria. Kama ni hiyo imekuleta, rudi tu nyumbani, mimi niko kazini."

"Naomba msamaha. Sikufungua."

"Hukufungua." Wacera aliketi juu ya gunia, akafuta mikono kwenye aproni. "Waweru anakutetea mpaka leo. Anasema angekuwa wewe, na mtoto kwa kifua, hangefungua pia. Mimi nilikasirika miaka mingi, halafu nikachoka. Mlango nilikuwa nimeusahau, Mama Joyline. Sasa sikiza kile sikusahau. Tuliporudi hapa, mama mmoja wa kanisa lenu alinunua viazi kwangu. Akaniambia, Mungu wangu, mna bahati, mlikuwa na jirani aliyemficha mama yenu. Mimi nimemzika mama kwa mvua, kwa blanketi ya kuombwa. Na mtu ananipongeza."

Nasambu alitazama viazi kwenye debe.

"Ulichukua kifo cha mama yetu ukajishonea nguo," Wacera alisema. "Umeivaa kanisani hizi miaka yote."

"Nifanye nini?"

"Unaniuliza mimi? Hao waliokusifu kanisani, wanakujua kwa jina. Nenda useme huko. Ukimaliza usiniletee habari, nitasikia. Soko husikia."

Mteja alikuja akaulizia kilo mbili, na Wacera akainuka.

Nasambu alisema siku ya mkutano wa akina mama, Jumapili baada ya misa, katika ukumbi wa parokia. Alikuwa amepanga maneno, lakini aliposimama yalipotea yote, akasema tu kwamba yule bibi hakufichwa, kwamba yeye alikuwa ndani na hakufungua, na kwamba aliacha watu waamini uongo kwa sababu ulimpendeza. Mwanamke mmoja akasema haya mambo yaliisha, kwa nini kuyafukua uchaguzi ukiwa bado unawasha watu. Mwingine, ambaye mwenyewe alichomewa duka, alitoka nje bila kuaga. Namalwa, katibu wao, alilia, lakini wiki iliyofuata alipita mbele ya cherehani ya Nasambu na kusalimia kwa mkono wa mbali. Walimwomba apumzike uenyekiti. Alikubali kabla hawajamaliza kusema.

Alidhani atasikia nafuu. Haikuja kama alivyotarajia. Alilala vizuri siku moja, siku nyingine akaamka na ile sauti ya tundu la ufunguo.

Joyline alipiga simu baada ya siku nyingi za kimya, mchana, akiwa mapumzikoni kazini.

"Wangila ameniambia. Ulisema mbele ya watu."

"Nilisema."

"Na kwa kina Waweru?"

"Nilienda."

Nasambu aliwasikia watu wakipita nyuma ya Joyline na magurudumu ya kitanda.

"Mama, kuna kitu nataka. Padri wa huku ananisomea misa ya marehemu Jumatano. Ameniuliza jina. Nimeandika Cucu, akasema hilo si jina. Cucu alikuwa anaitwa nani?"

Nasambu alifungua kinywa kujibu. Alitafuta. Walikuwa majirani miaka minane, ua wa michongoma ndio ulikuwa kati yao.

"Sijui," alisema. "Joy, sijui. Ngoja."

Aliacha cherehani ikiwa na sketi ya shule chini ya sindano, akachukua bodaboda mpaka sokoni. Wacera alimtazama akikaribia, uso haujabadilika.

"Nilikuambia usiniletee habari."

"Sikuletei habari. Joyline anamsomea misa. Anauliza jina lake."

Wacera alishika kiazi kimoja, akakitoa udongo kwa kidole gumba, muda mrefu. Macho yake, nyuma ya ile miwani, yalikuwa kwingine kabisa.

"Nyambura," alisema. "Mwambie aandike Tabitha Nyambura. Na amwambie padri asiseme haraka. Mama hakupenda watu wa kuomba haraka."